Barua za Wasomaji: Swali Moja, Miaka Kumi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu walio tayari ndani ya utafiti au wanaobisha hodi: wahadhiri wasaidizi, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, mtafiti mmoja wa taasisi. Tumechagua saba. Wanaojibu ni wahariri wetu wanaosimamia tasnifu na kuhakiki makala za majarida.

Vipindi 14 kwa wiki, utafiti lini?

Nimeajiriwa mwaka juzi kama mhadhiri msaidizi. Nafundisha saa 14 kwa wiki na darasa moja lina wanafunzi 400. Nikimaliza kusahihisha, muhula umeisha. Nina mada saba za utafiti kwenye daftari na hakuna hata moja iliyoanza. Nianzie wapi? (Mhadhiri msaidizi, Mbeya)

Anzia kwenye hizo mada saba, kabla hata hujagusa ratiba. Kila mada ina maandiko yake ya kusoma, vibali vyake, zana zake na watu wake wa kufahamiana nao. Anayebadili mada kila mwaka analipa kiingilio upya kila mwaka. Aliyekaa na swali moja miaka kumi, makala yake ya nne haimgharimu hata nusu ya ile ya kwanza: mapitio ya maandiko anayo, hojaji imeshajaribiwa, na maofisa wa wilaya wanamjua kwa jina.

Chagua swali unaloweza kulipima kwa vifaa ulivyonavyo au utakavyoazima jirani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia kwenye friji yakiwa bado moto, yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa, lakini hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo. Swali lenyewe lilihitaji maziwa, sukari na friji. Mada yako ikitaka mashine iliyopo nje ya nchi na fedha ambazo hujaomba, iweke pembeni kwa sasa, hata kama unaipenda.

Sasa ratiba. Chukua Jumanne na Alhamisi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kabla korido hazijajaa watu. Siku nyingine tatu za kazi weka nusu saa. Hizo ni saa tano na nusu kwa wiki. Toa wiki za UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, na za kusahihisha, ubaki na wiki 36: karibu saa 200 kwa mwaka. Kwa makadirio yetu, makala yenye data iliyokwisha kusafishwa hula saa 80 hadi 120 za kuandika, kwa hiyo muda huo unabeba makala moja kamili na kuacha nafasi ya kuandaa inayofuata.

Saa hizo ni za kuandika na kuchambua data tu. Kusoma makala za wengine kuhamie jioni, maana kusoma kuna raha ya kudanganya: saa mbili zinapita, unajiona umefanya kazi, na faili lako halijaongezeka mstari. Kabla hujafunga kompyuta, andika sentensi moja ya kazi itakayofuata, kwa mfano: “Kesho: eleza kwa nini jedwali la 2 halina shule za kata.” Ukikuta sentensi hiyo asubuhi hutapoteza dakika ishirini ukijitafuta.

Jambo la mwisho: ukianza kusimamia wanafunzi wa uzamili, usiwaache watano waende njia tano. Wape vipande vitano vya swali lako, kila mmoja na kipande kinachosimama chenyewe. Kisha kubalianeni kwa maandishi, kabla data haijakusanywa, nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa kila makala. Tasnifu ya mwanafunzi ikigeuzwa makala, kwa kawaida jina la kwanza ni lake.

Kwa nini 384 imekataliwa?

Nataka kujua ni wanafunzi wangapi wa kidato cha pili mkoani kwetu wanaoanza masomo wakiwa wamekula chochote asubuhi. Nilitumia fomula nikapata 384. Kamati ya idara imerudisha andiko na maneno mawili tu, “sampuli haitoshi”. Mbona tasnifu nyingi maktabani zina 384? (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

Zipo nyingi kweli, na nyingi zimekosea mahali pamoja na wewe. Namba hiyo inatokana na 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05². Inafaa unapotaka kukadiria asilimia moja katika umma mkubwa, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi pointi 5, ikiwa kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya watu wote. Wewe huna orodha ya wanafunzi wote wa mkoa. Utachagua shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule, na hapo hesabu inabadilika.

Fikiria shule inayogawa uji kabla ya vipindi kuanza. Ukiwauliza wanafunzi wake 30, utapata majibu 30 yanayokaribiana, kwa sababu chanzo chao ni sufuria moja. Kwa taarifa waliyokupa, hao hawafiki watu 30. Kadiri wanafunzi wa shule moja wanavyofanana, ndivyo unavyohitaji watu wengi zaidi.

Hesabu yake ni hii: toa 1 kwenye idadi ya wanafunzi wa kila shule, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya shule, jumlisha 1. Tuseme kiwango hicho ni 0.05. Kwa wanafunzi 30 kila shule unapata 1 + 29 × 0.05, yaani 2.45. Zidisha kwa 384, ni wanafunzi 941 katika shule 32. Ukichukua 10 tu kila shule, kizidishi kinashuka hadi 1.45, na unahitaji wanafunzi 557 katika shule 56. Hojaji zimepungua sana, nauli imeongezeka. Weka bei ya usafiri na ya kuchapa hojaji kwenye bajeti ndipo uamue ipi nafuu kwako.

Hiyo 0.05 usiibebe hivi hivi. Itafute katika tafiti zilizopita za jambo linalofanana na lako. Kwa alama za masomo, mathalani, mara nyingi iko juu zaidi. Halafu ongeza pengo la watakaokosekana au kukataa: kama unatarajia asilimia 10, gawa kwa 0.9. Wanafunzi 557 wanakuwa 619. Wengi huzidisha kwa 1.1 na kupungukiwa.

Na kama lengo lako la pili ni kulinganisha, tuseme wa bweni na wa kutwa, hesabu ni nyingine kabisa. Kuona tofauti ya asilimia 50 na 60, kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua, kunahitaji takribani watu 390 katika kila kundi, na hapo bado hujazidisha kwa ajili ya shule. Andika hatua zote hizi kwenye andiko, mstari kwa mstari. Kamati inayoona umejua ulichokokotoa itakuwa na sababu chache za kukurudisha.

Msimamizi hajibu

Nilimtumia msimamizi wangu sura tatu, kurasa 96, mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa saba. Naogopa kumkumbusha, ni mtu mkubwa na ana shughuli nyingi. (Mwanafunzi wa uzamivu, Dodoma)

Pole sana. Miezi mitano ni mingi, na una haki ya kukumbusha. Ila kurasa 96 pia ni tatizo. Kazi ya kurasa 96 inangoja siku nzima iliyo wazi, na mtu mwenye shughuli nyingi hana siku hiyo. Kurasa 10 zinasomeka kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Mtumie ujumbe mfupi wenye maswali yanayojibika. Kitu cha namna hii:

“Shikamoo Prof. Naambatisha kurasa 9 za sura ya tatu. Naomba mwongozo katika mambo mawili: (1) nitumie usaili au majadiliano ya vikundi kwa wavuvi wanawake, ukurasa wa 4, (2) nibaki na visiwa viwili au niongeze cha tatu, ukurasa wa 7. Kwa sasa naelekea kwenye usaili na visiwa viwili. Nisipopata maelekezo hadi tarehe 14 nitaendelea hivyo na kukuletea matokeo ya majaribio. Asante sana Prof.”

Heshima imekaa mahali pake, na kazi haikusimama. Baada ya kila kikao, jioni ileile, mwandikie mistari mitano ya mliyokubaliana na tarehe ya kukutana tena. Msimamizi akibadili mawazo baada ya miezi minne, na hutokea, una kumbukumbu ya kuonyesha bila kubishana.

Wiki sita zikipita bila jibu hata kwa kurasa chache, nenda kwa msimamizi wa pili kama unaye, kisha kwa mratibu wa uzamili wa idara. Jaza kila fomu ya maendeleo kwa ukweli. Wanafunzi wengi huandika “yanaendelea vizuri” kwa aibu, na siku wanapoomba kuongezewa muda, faili linasema hapakuwa na tatizo lolote.

Makala yako itachapishwa ndani ya siku tatu

Nimepata barua pepe inayonisifu kama “mtaalamu mashuhuri”, wanaomba makala. Uhakiki siku tatu, ada dola 150. Jarida lina ISSN na wanasema lina impakti fakta ya 7. Nahitaji pointi za kupanda daraja. (Mhadhiri, Mombasa)

Usilipe. ISSN ni namba ya utambulisho tu, kila chapisho la mfululizo linaweza kuipata, haisemi chochote kuhusu ubora. Impakti fakta, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida zinanukuliwa, ile inayotambulika hutolewa na kampuni ya Clarivate. Nyingine zenye majina yanayofanana zinauzwa. Uhakiki wa kweli, ambapo watu wawili au watatu wenye kazi zao wanasoma na kuandika maoni, huchukua majuma kadhaa na mara nyingi miezi.

Fanya ukaguzi wa nusu saa. Litafute jarida katika DOAJ, orodha iliyoanza 2003 ya majarida ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, na kama ni la Afrika litafute pia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Fungua makala tatu za toleo la mwisho uzisome: jedwali lisilo na kichwa na Kiingereza kilichovunjika tangu ikisiri vinatosha kukuonyesha kwamba hakuna aliyehakiki. Kisha chagua mjumbe mmoja wa bodi ya uhariri, tafuta anwani yake kwenye tovuti ya chuo chake, si ya jarida, umuulize kama anajua yumo. Wengine hawajui.

Kama umeshatuma, andika leo kwamba unaiondoa makala, usisaini hati yoyote ya hakimiliki, na tunza barua pepe zote. Yapo yanayochapisha bila idhini ili baadaye yadai ada, na jarida zuri halitapokea kazi iliyokwisha kuchapishwa.

Kuhusu fedha: majarida mengi ambayo msomaji au maktaba hulipia ili kuyasoma hayamtozi mwandishi. Wachapishaji kadhaa wakubwa wa ufikiaji huria husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Omba msamaha huo siku unapowasilisha makala, kwa sababu wengi hawausikilizi tena baada ya makala kukubaliwa.

Mhakiki ameivunja kazi yangu

Nimepokea kurasa nne za maoni, “marekebisho makubwa”. Mhakiki wa pili anaonekana hata hakuisoma vizuri. Nimekata tamaa, nafikiri kuipeleka jarida jingine. (Mtafiti wa taasisi, Mwanza)

Usiipeleke popote. “Marekebisho makubwa” ni mlango ulioachwa wazi. Makala isiyotakiwa huwa inakataliwa moja kwa moja. Ukienda jarida jingine bila kurekebisha unaweza kumkuta mhakiki yuleyule, kwa kuwa wanaoijua mada yako ni wachache.

Iache siku mbili. Siku ya tatu nakili kila hoja kwenye jedwali la safu tatu: alichosema, ulichojibu, ulipobadilisha. Tofauti ya jibu zuri na baya iko hivi. Mhakiki ameandika: “Haielezwi kaya zilichaguliwaje.” Jibu baya ni “Tumerekebisha.” Jibu zuri: “Asante. Tumeongeza ukurasa wa 6, mstari wa 142 hadi 151, kwamba kaya zilichaguliwa kwa kuchukua kila ya saba kutoka kwenye daftari la mtendaji wa kijiji la mwezi Machi, na kwamba kaya 11 zilizofungwa zilitembelewa mara mbili kabla ya kuachwa.” Mhariri anaona kazi bila kufungua makala.

Pale unapodhani hakusoma vizuri, chunguza sentensi yako kwanza. Mara nyingi habari ipo, ila umeificha katikati ya aya ndefu. Ihamishe ilipo wazi na umshukuru. Ukiwa na uhakika kwamba amekosea, kataa kwa adabu na sababu. Hoja moja au mbili za kukataa kwa ushahidi haziui makala.

Na maswali ya mbinu usiyaone kama usumbufu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio ya lile jambo la Mpemba. Waliona kwamba kipimajoto kikiwekwa tofauti ya sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, kinaweza kuonyesha kana kwamba maji ya moto yamepoa haraka zaidi. Sentimita moja! Ndiyo maana mhakiki anauliza ulisimama wapi, ulipima saa ngapi, nani alishika mizani. Ziandike siku hiyohiyo uwandani, kwa kalamu, na tarehe. Piga picha kila ukurasa wa daftari jioni, na data iwe na nakala tatu: kompyuta, fleshi inayokaa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni yenye nywila.

Miaka tisa ya konsalti

Nina ripoti 22 za konsalti na makala mbili tu. Nyumba nimejenga, watoto wanasoma, lakini kila nikiulizwa natafiti nini sina jibu. (Mhadhiri, Dar es Salaam)

Hatutakulaumu kwa nyumba. Mshahara ni mshahara, na konsalti imesomesha watoto wa wahadhiri wengi. Lakini umeligusa jambo lenyewe: ripoti 22 ni majibu ya maswali 22 ya watu wengine, na nyingi zimelala kwenye kabati za waliozilipia.

Zipange mezani, zote. Weka upande mmoja zile zilizokuwa na kibali cha maadili na ridhaa ya washiriki inayoruhusu data kutumika katika utafiti. Zisizo na kibali usijaribu kuzichapisha. Kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Kwa zilizobaki, mwandikie mteja barua ya ukurasa mmoja ukiomba kuchapisha data bila majina. Tunatarajia utabaki na tatu au nne, na uwezekano mkubwa mbili zitakuwa za mada moja. Hiyo mada ndiyo swali lako la miaka kumi ijayo; imekuwa ikikungoja.

Kuanzia sasa, kabla ya kusaini, omba kifungu kimoja: mtafiti anaruhusiwa kuchapisha matokeo baada ya mteja kupewa siku 30 za kusoma na kutoa maoni. Wapo watakaokataa. Wengi hawajali, hawakuwahi kuulizwa tu. Chukua mbili kwa mwaka, za mada yako. Na warsha za siku tatu za posho zisizo na uhusiano na swali lako, waachie wengine.

Kwa Kiswahili je?

Utafiti wangu ni wa wakulima wa mwani. Nikichapisha kwa Kiingereza hawatausoma. Je, nichapishe kwa Kiswahili? (Mtafiti, Unguja)

Fanya yote mawili, kwa makala tofauti. Jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum linalotolewa Ujerumani na kusomwa bure, yanapokea kazi za lugha, fasihi na utamaduni. Kama una sura ya istilahi za wakulima wenyewe, za kamba, vigingi na bamvua, inaweza kwenda huko. Ulizia mapema kwenye kamati ya kupandisha madaraja kama inalitambua jarida husika, upate jibu kwa maandishi.

Wakulima wenyewe, hata hivyo, hawatasoma jarida la lugha yoyote. Waandalie kurasa mbili: mlituuliza nini na tuliwauliza nini, tulichokuta kwa namba tatu au nne, kitu kimoja mnachoweza kubadilisha msimu ujao, na tusichoweza kukithibitisha. Wasomee wanawake watatu waliokuwa kwenye utafiti kabla ya kuchapa, na palipowatatiza paandike upya. Herufi ziwe kubwa za kusomeka bila miwani. Peleka nakala kwa sheha na nyingine bandani wanapokaushia mwani, ukiwa umeandika chini namba ya simu ya mtu atakayepokea.